Mstari wa Mama Lakew

Wubshet Dagne hatupi kitu. Mkewe, Tirsit, amewaeleza majirani habari hii mara nyingi mno, na siku hizi hakuna anayempa pole. Ndani ya nyumba yao mna viatu visivyo na soli, redio mbili zilizonyamaza zamani, na kalenda za ukutani za miaka tisa zilizofungwa kwa kamba, kwa kuwa Wubshet anasema huwezi kujua lini mtu atakuja kuuliza.

"Nani atauliza?" Tirsit humwambia.

"Ndiyo hivyo, hatujui."

Ukitaka kumwelewa mtu huyu inabidi uanzie kazini kwake, kwenye bohari la vipuri vya matrekta hapa Debre Birhan, upande wa kutokea kwenda Dessie, ambako upepo ukikukuta huna gabi, shuka zito la pamba, mabegani utajuta. Wubshet ndiye mtunza hifadhidata wa pale. Hifadhidata ni daftari, tena daftari la kawaida kabisa, ila liko ndani ya kompyuta. Lina majedwali, kila jedwali lina mistari, na kila mstari ni kitu kimoja au mtu mmoja: bolti, mshipi wa feni, mteja wa Ankober. Kazi yake ni kuongeza mistari, kuirekebisha, na mara chache sana kuifuta.

Alipokuwa kijana, mwaka wake wa pili kazini, aliambiwa amfute mteja mmoja aliyekuwa amehama. Akaandika amri ya kufuta kwenye jedwali la wateja, akasahau kuandika ni mteja gani, akabonyeza. Kompyuta haikumuuliza lolote. Ilimjibu kwa adabu kwamba mistari elfu mbili mia tatu na kumi na sita imefutwa. Wubshet alikwenda chooni akakaa huko mpaka meneja alipokuja kugonga mlango. Ilichukua siku kumi na tisa kuwaandika wateja wote upya kutoka kwenye stakabadhi, na hadi leo yuko mkulima mmoja wa Mendida anayepelekewa vipuri vya mtu mwingine.

Tangu siku hiyo Wubshet akawa mtu wa kutazama kwanza. Kabla ya kufuta mstari, huiamuru kompyuta imwonyeshe utakaofutwa. Anauhesabu, anausoma kwa sauti, anakunywa maji, ndipo anafuta. Na hata hapo anakuwa na nakala: za jana, za juzi, za mwezi uliopita, thelathini kwa jumla, kila moja na tarehe yake. Juu ya meza yake amebandika karatasi yenye maneno "Tazama Kwanza". Wenzake wanasema hata mkate wa injera huuhesabu matundu kabla ya kuumega. Yeye hakasiriki. Hajafuta mstari wa mtu kimakosa kwa miaka ishirini na miwili, na jambo hilo hakuna aliyekaa naye robo saa asiyelijua.

Sasa, mtaani kwetu tuna idiri yetu, chama cha kuzikana, nyumba sitini na moja. Tuna turubai, mabenchi, masufuria ambayo ngamia angeoga ndani yake, na tuna orodha. Orodha ndiyo chama chenyewe. Kila nyumba ina nambari na ina mwanachama mmoja, na chini ya jina lake wameandikwa wanaomhusu: mke au mume, watoto, wazazi. Aliyeandikwa akifa, turubai linasimama siku tatu na mtaa wote unakaa chini yake. Asiyeandikwa, jamaa zake watajua wenyewe.

Kwa miaka thelathini na mmoja orodha hiyo ilikaa kwa Gashe Mekbib Shiferaw, mwalimu mstaafu tunayemwita Gashe kwa heshima ya uzee wake, katika daftari jeusi lenye ukubwa wa mlango wa kabati. Mtu akifa, Gashe Mekbib alichukua rula na penseli, akapitisha mstari mwembamba juu ya jina, kisha pembeni akaandika aliyeshika nafasi yake, na siku ya kusoma orodha akawataja wote wawili. Mwaka jana Wubshet alisimama kwenye mkutano akasema enzi za rula zimepita. Akafungua daftari la mzee mbele ya watu na kusema, "Gashe, humu ndani wafu ni wengi kuliko walio hai." Watu wakacheka. Akanogewa. Akasema orodha ikishaingia kwenye kompyuta, daftari lile litafaa sana kuwashia mkaa. Watu wakacheka tena. Gashe Mekbib alilifunika daftari kwa gabi yake, akaondoka kabla kahawa haijamiminwa.

Hivyo Wubshet akawa mtunza orodha wa idiri. Alitengeneza majedwali mawili, moja la wanachama, jingine la wanaowahusu, na kila anayehusika akamfunga kwenye nambari ya nyumba yake. Akaiambia kompyuta kwamba mwanachama akiondolewa, walio chini ya nambari yake waondolewe naye, kusije kukawa na watu wanaoning'inia bila nyumba. Na kwa kuwa hii haikuwa bohari, bali chama cha majirani tu, alijirahisishia. Akaweka kitufe kimoja kilichoandikwa "Badilisha". Kama nambari haipo, kitufe kinaandika mstari mpya. Kama ipo, kinauweka mpya mahali pa ule wa zamani. Kazi mbili kwa kidole kimoja. Alijipongeza sana kwa kitufe kile.

Katika mwezi wa Tir, ule wa Januari kuelekea Februari, Lakew Bezabih wa nyumba nambari kumi na saba alifariki. Alikuwa fundi wa magodoro, mtu wa mzaha, na hakuwa na mtoto. Aliacha mke, Fanaye, na mama mzazi, Zenebech Ayele, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisini na masikio bora kuliko yangu. Turubai likasimama, tukakaa siku tatu. Siku ya nne Wubshet alifungua kompyuta, akaandika kumi na saba, akaandika Fanaye Tesemma, akabonyeza "Badilisha".

Orodha husomwa mara moja kwa mwaka, Jumapili inayofuata Meskel, sikukuu ya Msalaba ya mwisho wa Septemba, kwenye ua wa ghala la chama. Anayetajwa huitika. Wengi wetu huitika na kurudia maongezi yetu, maana nani anataka kusikiliza majina ya watoto wa jirani wakati harufu ya kahawa inatoka jikoni? Ila mama yake Lakew, bibi tunayemwita Eteye Zenebech, husikiliza. Mwaka huu alikuja na kigoda chake mwenyewe, kwa kuwa haamini mabenchi ya msibani, akakaa mbele kabisa, mikono juu ya fimbo.

"Nambari kumi na saba," Wubshet alisoma, kompyuta ndogo ikiwa mbele yake juu ya sufuria lililogeuzwa. "Fanaye Tesemma."

"Nipo," alisema Fanaye.

"Nambari kumi na nane."

"We, hebu ngoja," alisema Eteye Zenebech. "Umeruka."

"Sijaruka, Eteye."

"Mimi nimekufa lini?"

Watu wakaanza kucheka.

"Nauliza tu," alisema bibi. "Isije ikawa nakula shiro ya watu bure na kumbe nimeshazikwa."

Wubshet alirudi juu, akashuka chini, akarudi juu tena. Chini ya kumi na saba palikuwa peupe. Mwenyekiti wetu, Ato, yaani Bwana, Getnet Belay, akaacha kuchokoa meno. Ato Getnet anazijua kanuni za chama kwa moyo, na siku ambayo haitaji hata moja huwa anaumwa.

"Hayumo?" aliuliza.

"Humu hayumo."

"Basi aandikwe leo. Na aliyeandikwa leo anangoja mwaka mzima, miezi yote kumi na mitatu ya kalenda yetu, ndipo anapata turubai. Kanuni ya tisa."

Eteye Zenebech alihesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja, akaacha. "Getnet mwanangu, nina miaka tisini na mmoja. Miezi kumi na mitatu unanitolea wapi? Nilikuwapo siku uliyozaliwa. Ulitoka ukibisha hivyo hivyo."

"Kanuni haisemi lolote kuhusu kuzaliwa kwangu, Eteye."

"Mwaka jana alisomwa," Fanaye alisema. "Gashe Mekbib alimsoma, wote mlisikia."

"Mwaka jana mumeo alikuwa hai. Sasa mwanachama ni wewe. Je, ulipoandikwa, ulimtaja mama mkwe wako?"

Fanaye alimgeukia Wubshet. Watu wote walimgeukia Wubshet, pamoja na meneja wake wa bohari, ambaye ni nyumba nambari arobaini na nne. Hapo ndipo Wubshet aliposema neno ambalo angelipa chochote kulirudisha. Alisema kompyuta haikosei. Akaongeza kwamba pengine Fanaye, kwa majonzi, hakumtaja.

Fanaye alimsaidia mama mkwe wake kuinuka, akabeba kigoda, na wakaenda zao. Ato Getnet akatangaza kwamba mwenye ushahidi aulete Jumapili ijayo, la sivyo bibi ataandikwa kuwa mwanachama mpya.

Mchana ule Wubshet aliketi mezani nyumbani kwake, Tirsit akichambua dengu upande wa pili. Alifanya kile alichopaswa kufanya tangu mwanzo: akatazama. Aliiamuru kompyuta imwonyeshe wanaohusika wa kumi na saba. Hakuna. Wa kumi na nane, watano. Wa kumi na tisa, wanne. Kisha akaomba orodha ya nyumba zote zisizo na mtu chini yake. Zilikuja sita. Nne, tisa, kumi na saba, ishirini na sita, thelathini na tatu, hamsini. Zote sita zilikuwa zimebadilisha mwanachama mwaka ule, wengine kwa kifo, wengine wamechoka na kuwaachia watoto wao. Zote alizipitisha kwenye kile kitufe chake kizuri.

"Tirsit," alisema.

"Mm."

"Amri ya kubadilisha haibadilishi."

"Sasa inafanya nini?"

"Inafuta, halafu inaandika upya kwa nambari ileile. Wewe ukitazama unaona jina tu limegeuka. Kumbe hapo katikati, muda mdogo kuliko kupepesa jicho, nyumba nambari kumi na saba haikuwepo duniani. Na mimi mwenyewe nilishaiambia, mwenye nyumba akiondoka, walio chini yake waende naye."

Tirsit aliacha dengu. "Yaani ulipomwondoa Lakew ukamzika na mama yake."

"Ndiyo."

"Halafu leo, mbele za watu, ukasema ni Fanaye."

Wubshet alijifanya anasafisha kioo cha kompyuta.

"Si una nakala?" Tirsit aliuliza. "Mwanamume anayetunza viatu visivyo na soli hakosi nakala."

Nakala ilikuwepo, kwenye flashi iliyoning'inizwa msumarini jikoni. Kila mwezi Wubshet aliihifadhi orodha mpya humo kwa jina lilelile, na ile mpya ikaikalia ile ya zamani. Bohari lilikuwa na nakala thelathini za bei ya bolti. Majirani zake walikuwa na moja, nayo ilikuwa na makosa yaleyale. Tirsit alicheka mpaka akamwaga dengu, kisha akamwona uso, akaanza kuziokota.

"Nenda kwa Gashe Mekbib," alisema. "Na usiende mikono mitupu."

Jumatatu, baada ya kazi, Wubshet alibeba kilo mbili za sukari akaenda. Langoni alimkuta mke wa mzee akiuza kolo, shayiri ya kukaanga, anayoifunga kwa karatasi iliyokunjwa kama pembe. Alimpa Wubshet moja bure. Ndani, Gashe Mekbib alikuwa amejifunika gabi mpaka kidevuni. Alimkaribisha, akamwagizia kahawa, na hakumuuliza kilichomleta. Kwa duru ya kwanza ya kahawa walizungumza juu ya shayiri. Kwa duru ya pili, juu ya magoti ya mzee, kwanza la kulia kisha la kushoto. Ilipofika duru ya tatu mzee akautazama ule mfuko.

"Umeleta sukari. Nani amekufa?"

"Hakuna, Gashe."

"Basi umeua wewe."

Wubshet akaeleza yote, kitufe, nyumba sita, nakala. Ilimchukua muda, kwani mzee alimkatiza kila hatua kwa maswali ya mwalimu anayejua jibu. Mwisho Wubshet akasema, "Kwa hiyo, Gashe, nimekuja kuomba lile daftari."

"Daftari? Si ulisema linafaa kuwashia mkaa? Mimi nilikusikia vizuri. Na mke wangu alikusikia, ila yeye akasema mkaa tunao, tatizo letu ni karatasi za kolo."

Wubshet aliitazama pembe ya kolo mkononi mwake. Aliifungua kwa haraka, shayiri ikamwagika mapajani, akaisogeza karatasi dirishani. Ilikuwa ya hesabu za mwanafunzi wa zamani, imeandikwa kwa mkono. Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na nane, na alama nyekundu ya kosa pembeni.

Gashe Mekbib alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na mkewe akaingia kumpiga mgongoni. "Mbona unamtesa mtoto wa watu?" alimwuliza.

"Mwaka mzima nimemngoja huyu. Hebu niache kidogo."

Daftari lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine. Mzee alilifungua kwenye kumi na saba bila kutafuta. Lakew Bezabih. Mke, Fanaye Tesemma. Mama, Zenebech Ayele, na pembeni tarehe, miaka ishirini na minne iliyopita. Juu ya jina la Lakew hapakuwa na mstari, kwa sababu Lakew alikufa daftari likiwa limeshatolewa kazini. Gashe Mekbib akaomba rula. Wubshet akamshikilia upande mmoja, naye mzee akapitisha penseli polepole juu ya jina la fundi wa magodoro. Jina likaendelea kusomeka.

"Unaona?" alisema mzee. "Ndiyo wafu wangu hao uliowacheka."

"Nimeona, Gashe. Nisamehe."

"Chukua. Lakini Getnet atakuuliza kwa nini daftari na mashine havipatani. Utamjibu nini?"

"Nitamwambia kulitokea hitilafu kwenye mfumo."

"Mfumo ndiye nani? Anakaa mtaa gani, nikamsalimie?"

Wubshet alikusanya shayiri mapajani punje moja moja. Alikuwa akimfikiria meneja wa nyumba nambari arobaini na nne, na wenzake wa bohari, na ile karatasi ya "Tazama Kwanza" juu ya meza yake, ambayo Jumatatu ijayo kila mpita njia angeisoma kwa sauti. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwa na sifa nyingine. Mzee alimwacha afikiri, akamwongezea sukari kwenye kikombe kutoka kwenye mfuko aliouleta Wubshet mwenyewe.

Wiki hiyo kila jioni alirudi na kukaa na daftari kushoto na kompyuta kulia. Aliwarudisha watu kumi na tisa. Aliwaandika kwa tarehe zao za zamani, mmoja mmoja, akisoma kwa sauti, na Tirsit akimfuatilia kwenye daftari kwa kidole. Kile kitufe alikiondoa. Alipomaliza waliofutwa bado akawa anakuna kichwa, maana daftari lilikuwa na kitu ambacho mashine yake haikuwa na mahali pa kukiweka. Siku ya Ijumaa akaongeza safu moja kwenye jedwali la wanachama, safu ya tarehe ya kuondoka, na akaanza kuwaandika tena wale aliokuwa amewacheka, wote, miaka thelathini na mmoja ya wafu.

Jumapili ua ulijaa kupita kawaida. Habari ya bibi aliyefutwa ilikuwa imefika mpaka mitaa isiyo yetu. Eteye Zenebech alikuwa mbele juu ya kigoda chake. Fanaye alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Ushahidi," alisema Ato Getnet.

Wubshet aliweka daftari jeusi juu ya sufuria. Ato Getnet akasoma ukurasa, akasoma tarehe, akavua miwani. "Humu yumo tangu miaka ishirini na minne. Kwenye mashine hakuwemo. Ilikuwaje?"

"Mimi ndiye niliyemfuta," Wubshet alisema. "Fanaye hakukosea chochote. Wala kompyuta haikukosea, ilifanya nilivyoiamuru. Nilibonyeza bila kutazama. Nimewafuta watu kumi na tisa wa nyumba sita, na majina yao ni haya." Akayasoma yote.

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na mama mkwe wangu? Huyo hukumfuta? Jaribu tena basi," na watu wakaangua kicheko. Meneja wa bohari alijifuta machozi kwa ncha ya gabi. Wubshet alisimama palepale akacheka kidogo na yeye, na nadhani alishangaa kwamba hakufa.

"Fanaye," alisema vicheko vilipopungua, "nilikusingizia. Nisamehe."

"Kwanza soma," Fanaye alijibu. "Halafu nitaona."

Ato Getnet alivaa miwani yake. Alisema kwa kuwa tarehe ni ya miaka ishirini na minne, basi kanuni ya tisa haimhusu bibi, na turubai lake lipo siku yoyote atakayolihitaji.

"Nimesikia," alisema Eteye Zenebech. "Msinikimbize. Sasa nisome."

Wubshet akasogeza kompyuta. "Nambari kumi na saba," alisoma. "Lakew Bezabih. Ameondoka mwezi wa Tir. Nafasi yake anaishika Fanaye Tesemma."

"Nipo."

"Mama yake Lakew, Zenebech Ayele."

Bibi hakuitika. Alikuwa ameinamia fimbo, na kwa muda tulidhani usingizi umemchukua. Wubshet akanyanyua macho kutoka kwenye kioo, akaona midomo yake inarudia jina la mwanawe, na akaelewa jambo ambalo sisi wengine, kwa kelele zetu zote za turubai na kanuni, hatukuwa tumelifikiria. Tangu siku tatu zile za msiba, miezi minane, hakuna mtu aliyekuwa amemtaja Lakew mbele ya watu. Bibi alikuwa amebeba kigoda chake Jumapili iliyopita ili amsikie mwanawe akiitwa, na yeye aitwe baada yake, kama ilivyokuwa kila mwaka kwa miaka ishirini na mitatu.

"Eteye," Wubshet alisema taratibu. "Hujaitika."

"Soma tena," alisema bibi. "Anzia kwa Lakew."

Hakuna aliyecheka. Wubshet alirudi juu ya mstari, akasoma tena polepole tangu mwanzo, Lakew Bezabih, mwezi wa Tir, Fanaye, mpaka akafika kwa mama.

"Nipo," alisema Eteye Zenebech.